Mtoto Ana Homa: Imetupasa Kufanya Nini?



Katika uwanda wetu wa Ruzizi, toka Kamanyola hata Uvira, hakuna nyumba isiyolijua neno hili: “Mtoto ana homa.” Twalisikia wakati wa mvua, mashamba ya mpunga yakijaa maji, na twalisikia hata wakati wa jua. Mama hulisema kwa sauti ndogo, kiganja chake kikiwa juu ya kipaji cha mtoto. Na neno hilo likisha kusemwa, nyumba nzima huanza kutoa mashauri. Huyu asema: mwagieni maji ya baridi. Yule asema: mfunikeni mablanketi mawili atokwe na jasho. Wa tatu ameshakwenda sokoni kununua vidonge, wala hakuuliza ni vidonge gani. Kila mtu apigana na homa. Ni wachache wanaouliza: homa hii imeletwa na nini?

Swali hilo ndilo tunalotaka kuliweka mbele yenu leo. Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Tumelea watoto sita katika uwanda huu. Mume ni mwalimu wa shule, mke amefanya kazi miaka mingi katika dispansari ya misioni. Hatusemi kama waganga wakubwa. Twasema kama wazazi waliokesha usiku mwingi kando ya kitanda cha mtoto, na yaliyo ya uganga tumeyapokea kwa wale waliojifunza.

Homa si ugonjwa

Jambo la kwanza imetupasa kulijua vizuri, maana mengine yote yanatoka hapo: homa si ugonjwa. Homa ni dalili ya ugonjwa.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili, kama mama anavyolinda moto wa mafiga usizimike wala usiunguze chungu. Mtu mzima wa afya ana joto la digrii 37 hivi, mara kidogo chini, mara kidogo juu. Vijidudu vya ugonjwa vinapoingia, damu hupeleka habari katika ubongo, na sehemu ile huamuru joto lipande. Ndiyo sababu mtoto hutetemeka kwa baridi, na huku mwili wake ni moto: mwili wake bado unatafuta joto kubwa kupita lile alilo nalo. Misuli hutetemeka ili kuzaa joto. Damu nayo huikimbia ngozi, na mikono na miguu huwa baridi. Homa inapoanza kushuka, ndipo jasho linapotoka.

Na joto hilo si bure. Vijidudu vingi havizaani upesi mahali penye joto la namna hiyo, na vile viaskari vya damu vinavyotulinda hufanya kazi vizuri zaidi. Basi homa ni kazi ya mwili unaojitetea. Ni mara chache sana joto lenyewe kumdhuru mtoto. Kinachoua watoto wetu ni kile kilichoileta homa.

Mtu akisikia mbwa wake anabweka usiku, je, humfunga mbwa mdomo, kisha akarudi kulala? Hata kidogo. Huwasha taa akatazama mlangoni ni nani. Mzazi anayeshusha homa kwa kidonge, akafurahi kwa kuwa mwili umepoa, wala asitafute kilichoko chini yake, amemfunga mbwa mdomo. Mwizi yungali mlangoni.

Kiganja cha mama na kipimo cha homa

Kiganja cha mama ni chombo chema. Mama mara nyingi hujua kama mtoto ana homa au hana. Lakini kiganja hakiwezi kusema ni homa ya kiasi gani, wala hakiwezi kufananisha homa ya asubuhi na ile ya jioni. Basi aliye na fedha kidogo na anunue kipimo cha homa. Vile vya kioo vyenye zebaki vinaacha kutumiwa, kwa kuwa vikivunjika zebaki ni sumu. Vya sasa vina betri, navyo hulia vikisha kupima. Kausha kwapa la mtoto, weka ncha ya kipimo katikati ya kwapa, ushike mkono wake ubaki umebana ubavuni hata kipimo kilie. Katika vituo vyetu vya afya, digrii 37 na nusu au zaidi kwapani huhesabiwa kuwa ni homa. Andika hesabu hiyo pamoja na saa. Mwuguzi atakushukuru.

Lakini msidhani kwamba hesabu inasema yote. Twamwona mtoto mwenye digrii 39 na nusu ambaye anyonya, atutazama machoni, tena ataka kucheza. Twamwona mwingine mwenye digrii 38 tu, amelala kama kitambaa, hataki ziwa, wala hageuki akiitwa jina lake. Huyu wa pili ndiye atutiaye hofu. Tena mtoto aliyedhoofika kwa njaa, au mchanga wa siku chache, aweza kuwa mgonjwa sana bila homa yo yote, hata akawa baridi. Basi tumtazame mtoto kabla ya kutazama kipimo.

Mwizi tunayemjua, na wezi wengine

Kwetu uwandani, wa kwanza kudhaniwa ni malaria, na ni haki yake. Jina hilo latoka Italia, maana yake “hewa mbaya,” kwa kuwa watu wa zamani walidhani ugonjwa huu watoka katika hewa ya mabwawa. Mwaka 1880, huko Constantine katika nchi ya Aljeria, mganga wa jeshi la Ufaransa jina lake Alphonse Laveran alimwona mdudu wake katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897, katika Bara Hindi, Mwingereza Ronald Ross alimkuta mdudu huyo ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo twajua: si hewa, wala si maembe, wala si jua kali. Ni mbu jike wa namna ya anofelesi, anayeuma usiku.

Mwaka 2023 malaria iliua watu kama 597,000 katika dunia, na karibu wote walikuwa wa Afrika. Kati ya kila wanne waliokufa katika Afrika, watatu walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Kwa wingi wa wagonjwa, Kongo ilikuwa ya pili, nyuma ya Nijeria. Sababu ya watoto kufa kuliko wakubwa ni hii: mtu aliyeumwa na mbu hao miaka mingi, mwili wake umejifunza kujitetea kidogo. Mtoto mdogo bado hajajifunza. Hata ndugu zetu wanaoshuka toka vijiji vya baridi vya milimani kuja kulima uwandani huugua vibaya, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu hiyohiyo. Malaria ya kwetu ina haraka: isipotibiwa, yaweza kuwa kali na kuua katika muda wa saa 24. Kwa hiyo maneno “tungoje hadi kesho kutwa” hayana nafasi.

Lakini malaria yajulikana kwa kipimo, haijulikani kwa kukisia. Tone moja la damu ya kidole, juu ya kile kibao kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 mwuguzi aweza kusoma jibu. Tusitake dawa ya malaria kabla ya tone hilo, maana wezi wengine nao wapo.

Mtoto mmoja wa mtaa wetu, wa miezi 14, alipata homa. Mwuza dawa wa sokoni akampa mama vidonge vya malaria bila kumpima. Homa haikuacha, akampa vingine. Siku ya nne mama akamleta dispansari. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ndipo mke akamwomba mama amvue mtoto shati, wakatazama kifua. Kila alipovuta pumzi, nyama za chini ya mbavu ziliingia ndani. Wakahesabu pumzi kwa dakika moja nzima: 58. Ilikuwa ugonjwa wa mapafu. Alipata dawa yake, akapona. Siku nne alizopoteza zilikuwa karibu kumpoteza mwenyewe.

Wanafunzi, hapa ninyi mwaweza kuwa msaada mkubwa nyumbani, maana mnajua saa na hesabu. Mtoto akiwa mtulivu, halii wala hanyonyi, tazameni kifua au tumbo lake, mkahesabu mara ngapi lapanda katika dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2: 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi 2 hata 12: 50 au zaidi. Toka mwaka 1 hata miaka 5: 40 au zaidi. Hesabu hizo ndizo wanazotumia wauguzi wenyewe. Ziandikeni katika ukurasa wa mwisho wa daftari.

Na wezi wengine wako: usaha wa sikio, surua, yenye macho mekundu, mafua na vipele, ugonjwa wa uti wa mgongo, unaokaza shingo, homa ya tumbo, maumivu ya mkojo. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja haimfukuzi mwingine.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kabla ya kufika kwa mwuguzi, na baada ya kutoka kwake, kazi ya mama na baba ni kubwa.

Kwanza, mvue mtoto nguo nzito. Nguo moja nyepesi yamtosha. Akitetemeka, mfunike shuka nyepesi. Mablanketi huzuia joto lisitoke.

Pili, mpe maji. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi kuliko siku nyingine. Mkubwa apewe maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, mchuzi. Homa hukausha mwili. Asipotaka kula leo, si neno kubwa. Asipotaka kunywa, ni neno kubwa sana.

Tatu, akiwa na maumivu au joto likimsumbua, apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake: miligramu 10 hata 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupewa robo ya kidonge cha miligramu 500. Apumzike saa 6 kabla ya kupewa tena, wala isizidi mara 4 kwa siku moja. Ikizidi, huharibu ini. Na mtoto wa chini ya miezi 2 asipewe kitu nyumbani; apelekwe. Tena tukumbuke kwamba parasetamoli humpa mtoto raha tu. Haiui mdudu wa malaria wala wa mapafu.

Sasa mambo ya kuacha. Tusimwagie mtoto maji ya baridi, wala tusimpake pombe. Ngozi ikipoa ghafula, ubongo huamuru mwili utetemeke zaidi, na joto la ndani hupanda. Pombe nayo huingia katika ngozi ikamlevya. Tusimpe aspirini. Zamani ilitolewa katika kila dispansari, hata wazee wetu waliipenda. Lakini tangu mwaka 1963, mganga Douglas Reye wa Australia alipoeleza ugonjwa wa ubongo na ini uliowaua watoto, wataalamu walifuatilia wakaona kwamba aspirini yauamsha. Tusimtie maji ya majani au ya pilipili kwa njia ya nyuma. Tunajua ni desturi ya nyumba nyingi, na anayeifanya humpenda mtoto. Lakini yamchoma matumbo, na yamtoa maji yaleyale ambayo homa imekwisha kuyapunguza.

Na tusiziamini sindano kupita kiasi. Wengi hudhani dawa isiyochoma si dawa. Sindano ikipigwa vibaya katika tako, yaweza kugusa mshipa wa fahamu, na mtoto akabaki kilema wa mguu. Wapo, nasi tumewaona. Nchi yetu ina ukumbusho mwingine wa uchungu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini ya nchi, ulifika ugonjwa uliofanana na malaria. Hakuna mtu duniani aliyeujua wakati ule. Sindano zilikuwa chache, zikatumiwa kwa wagonjwa wengi, na kwa njia hiyo ugonjwa ukaenea. Ndio ugonjwa tunaouita leo Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati yao masista waliokuwa wakiwauguza. Twawaombea na kuwaheshimu. Na kwa ajili yao tushike fundisho: sindano ina mahali pake, mikononi mwa aliyejifunza, ikiwa mpya, ikatumiwa mara moja tu.

Usiku wa degedege

Hakuna kitu kinachowatisha wazazi kama degedege. Usiku mmoja wa mvua baba wa jirani alituita kwa kelele. Tulipoingia, mtoto wake wa miaka 2 alikuwa mikononi mwa mama, macho yamegeuka juu, mikono na miguu inarukaruka. Mtu mmoja alishika ndoo ya maji. Mwingine alisema ni uchawi, na atafutwe aliyeutuma. Nyanya wa mtoto alikuwa na kijiko, ataka kumfungua meno.

Mke akamlaza mtoto kwa ubavu juu ya mkeka, kichwa kimeinama kidogo ili mate yatoke, akamlegezea nguo shingoni. Mume akatazama saa. Kisha mke akamwambia nyanya kwa heshima:

“Nyanya, weka kijiko. Mtoto hawezi kumeza ulimi wake.”

“Mwanangu, ninyi nyote tuliwatia vijiko, na leo mko hai.”

“Ndiyo, Nyanya, tunamshukuru Mungu. Lakini meno yake ni madogo, na kijiko ni chuma. Mshike mkono, umwite jina lake, ili akiamka asikie sauti yako.”

Nyanya akaketi, akamshika mkono, akamwita. Degedege iliacha baada ya dakika mbili na nusu. Usiku uleule baba akatafuta mwenye pikipiki, wakaenda hospitali. Tone la damu lilionyesha malaria, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Alirudi nyumbani siku ya tano.

Haya ndiyo ya kukumbuka. Degedege ya homa huwashika watoto toka miezi 6 hata miaka 5. Mara nyingi huisha yenyewe katika dakika chache, wala haiachi kovu katika ubongo. Mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimbane, usimtie kitu kinywani, wala kidonge, wala maji. Tazama saa. Lakini katika nchi ya malaria hatuwezi kujua kwa macho kama ni degedege ya homa tu, au kama malaria imeingia ubongoni. Kwa hiyo kila degedege yapelekwa hospitali usiku uleule.

Na siyo degedege peke yake. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Anayetapika kila kitu. Anayelala asiamke vizuri. Mwenye shingo iliyokaza. Anayepumua kwa shida. Aliyekuwa mweupe viganjani na ndani ya macho. Anayekojoa mkojo mweusi. Na kila mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa, hata kama anyonya: hao wote wapelekwe mara moja, usiku au mchana. Wengine wenye homa wapelekwe siku ileile.

Mama amngoje nani?

Twafika sasa mahali penye ugumu. Katika miaka yetu ya dispansari, tumewauliza akina mama wengi waliofika wamechelewa: “Mtoto ameanza lini kuugua?” Wakajibu: “Siku ya tatu leo.” “Mbona hukuja?” Jibu halikuwa “sikujua.” Jibu lilikuwa: “Baba yake hayupo.” Au: “Mama mkwe alisema tungoje.” Au: “Hapakuwa na fedha.”

Mama mmoja alitoka kijiji cha mbali, mtoto mgongoni. Mume alikuwa amekwenda kuvua samaki, na fedha za nyumba zilikuwa katika sanduku ambalo ufunguo wake aliuchukua. Mama alingoja siku mbili. Siku ya tatu akaja bila ruhusa, akilia njiani. Tulipomfungua mtoto mgongoni, alikuwa amekwisha kufa. Baba alipofika alisema neno moja ambalo hatujalisahau: “Ningekuwapo, ningempeleka siku ya kwanza.” Twamsadiki. Alimpenda mtoto wake. Lakini upendo wake ulifungiwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa ziwani.

Akina baba, twasema nanyi kwa heshima. Ninyi ni wakubwa wa nyumba zenu, wala hatutaki kuwapunguzia cheo. Lakini baba wa kweli ni yule ambaye ulinzi wake wabaki nyumbani hata akiwa safarini. Mwambie mkeo leo, mbele ya wazazi wako, ili wote wasikie: “Mtoto akipata homa, usiningoje. Nenda.” Maneno hayo hayagharimu franka moja.

Katika Injili ya Yoane mna habari ya mkubwa mmoja wa serikali, ambaye mwanawe alishikwa na homa kule Kapernaumu. Hakutuma mtumishi. Alifunga safari mwenyewe mpaka Kana, akamsihi Yezu ashuke kabla mtoto hajafa. Na aliporudi, watumishi walipomlaki na habari njema, aliwauliza ni saa ngapi homa ilimwacha mtoto, nao waliijua saa. Tunapenda sana jambo hilo dogo. Baba alikuwa na imani, tena alitembea, tena aliuliza saa. Na watu wa nyumbani walikuwa wamemkesha mtoto kwa uangalifu hata wakaweza kujibu. Imani yake haikumkataza kufanya haraka. Ndiyo iliyomwondoa nyumbani.

Kwetu twafanya hivi. Juu ya kabati kuna mkebe. Kila siku ya soko hutiwa kidogo humo, wala hauguswi kwa sukari wala kwa sare ya shule, bali kwa mtoto mgonjwa tu. Na mama ajua ulipo. Tena jumuiya yetu ya kikristu imepatana: kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na mwenye pikipiki mmoja amekubali kuamshwa saa yo yote, alipwe baadaye. Si mambo makubwa. Lakini mama anayejua kwamba fedha ipo, njia ipo, na ruhusa ameshapewa, huyo hangoji siku ya tatu.

Baada ya dawa, na kabla ya homa

Mtoto akipewa dawa ya malaria ya siku tatu, azimalize zote tatu. Siku ya pili mara nyingi huamka anacheza, na wazazi huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine. Hapo mdudu aliyebaki hujifunza kuizoea dawa. Ndivyo ilivyopotea nguvu ya klorokini, tuliyoijua sote kwa jina la Nivaquine, hata nchi yetu ikaiacha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa tuliyo nayo sasa ina artemisinini ndani yake. Mwaka 1972 mama mmoja mtaalamu wa Uchina, Tu Youyou, pamoja na wenzake, aliitoa katika mmea uliojulikana na waganga wa kale wa nchi yake. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini tusidhani kuchemsha majani ya mmea huo kwatosha. Katika chai hakuna ajuaye kipimo, na kipimo kidogo humfundisha mdudu bila kumwua.

Na kinga yashinda dawa. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa joto. Chandarua si cha kuvulia samaki wala cha kulindia miche. Chanjo zote za mtoto zitimizwe, maana surua na magonjwa mengine ya homa huzuiwa nazo. Chanjo ya malaria nayo imepatikana: Shirika la Afya la Dunia liliikubali ya kwanza mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023, mwezi wa 10 mwaka 2024 Kongo ilianza kuitoa katika jimbo la Kongo Central. Haiondoi chandarua wala kipimo, lakini yapunguza vifo. Ulizeni katika kituo chenu kama imefika.

Wengine hutuuliza: je, kukimbilia dispansari si kupungukiwa na tumaini kwa Mungu? Kitabu cha Yoshua bin Sira chafundisha kwamba mganga astahili heshima, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa nazo zatoka katika nchi aliyoiumba Yeye, mwenye akili asizidharau. Basi tusali, tena tusali sana. Lakini tusali njiani, mtoto akiwa mgongoni.

Jumapili hii, baada ya Misa, mkifika nyumbani, fanyeni mambo matatu kabla ya chakula: baba aseme neno lake la ruhusa, mama achague mahali pa mkebe, na mwanafunzi abandike ukutani hesabu za pumzi. Itawachukua muda mfupi kuliko kupika ugali.